Masanduku ya Darasa Lisilokuja

Mwaka huo nilitengeneza masanduku mia moja na arobaini kwa ajili ya watoto ambao hawakuwepo. Nalisema mapema ili mtu asije akadai kwamba nilificha ujinga wangu. Naitwa Kawira, fundi wa masanduku ya bati pale Kaaga, Meru mjini, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na miwili. Safu yetu ina vibanda tisa. Mwanamke ni mimi peke yangu, na katika wale wanaume wanane hakuna ambaye pembe za masanduku yake hukaa sawa kama zangu. Nenda ukawaulize.

Kazi yenyewe haina siri. Kila Januari mtoto wa Kidato cha Kwanza anaenda bweni, na haendi bila sanduku. Ndani anatia sabuni, blanketi, madaftari na sukari ya kuficha. Nje anaandikwa jina kwa rangi nyeupe. Kaaga imejaa shule, na mlima mzima una nyingine, basi Januari moja ilitulisha hadi Agosti. Ikifika Oktoba tunaanza kukata bati, kukunja, kupiga ribiti za kushikanisha bati na kupanga. Hata Krismasi tunaila tukiwa na rangi kwenye kucha.

Safari hii nilikuwa nimejiongezea ujanja. Kobia, jirani yangu wa kushoto, alikuwa amenipita mwaka uliotangulia kwa kuchora maua kwenye vifuniko. Nikaapa kumkomesha. Nilikata karatasi ngumu nikatengeneza chapa, na juu ya kila kifuniko nikapiga kwa rangi ya manjano: FORM ONE 2025. Yalipendeza. Yalipopangwa hadi juu karibu na paa, nilikuwa natoka nje makusudi nikayatazame kutoka barabarani.

Jumatatu ya kufungua shule nilivaa leso mpya nikakaa kwenye kiti. Saa tatu, hakuna mtu. Saa tano akaja mama mmoja, akanunua kufuli akaenda. Saa kumi binti yangu Kananu akapita akitoka shule, akasimama na begi lake mgongoni akasoma vifuniko.

"Mama, hawa ni akina nani?"

"Akina nani wapi?"

"Hawa wa Form One. Si ni sisi tungeenda? Na sisi tuko Grade Nine, tumebaki tu huku. Hii mwaka hakuna class inaenda."

Mtoto alikuwa anasema kweli, na kibaya zaidi, alikuwa hanielezi jambo geni. Mtaala ulikuwa umebadilika. Darasa ambalo lingeingia Kidato cha Kwanza lilibaki mwaka mmoja zaidi katika sekondari ya chini, na shule za bweni zilifungua bila wanafunzi wapya. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimekaa kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu akaeleza mara mbili, na mimi nikainua mkono nikauliza habari ya chakula cha mchana. Vitabu vya Gredi ya Tisa nilivinunua mwenyewe. Kama mama nilijua yote. Kama fundi, mikono ilikuwa imeona Oktoba, ikaanza kukata. Mazoea yana taabu, na taabu yangu ilikuwa imepangwa hadi kwenye paa.

Kitu kimoja kilinifariji kidogo: vibanda vyote tisa vilikuwa vimefanya vivyo hivyo, na nusu ya mafundi wana watoto katika darasa hilohilo.

Kilichofuata ni maneno. Tulikaa kwenye viti tukailaumu serikali asubuhi, tukapumzika kwa chai, tukailaumu tena mchana. Kobia ndiye alikuwa mwenyekiti wa lawama.

"Sisi ni watu wa chini," alisema. "Wakubwa wakiamua, wameamua. Mwaka ujao Grade Ten itaenda boarding, masanduku yatanunuliwa. Tungoje tu."

"Tungoje tukila nini?"

"Mama Kananu, unataka nifanye nini? Nizae watoto wa Form One?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nilikaa hivyo siku kumi. Sitajipamba hapa: nilikaa, nikapangusa vumbi kwenye masanduku, nikarudi nyumbani nimechoka kuliko siku za kazi. Kuna uchovu wa kutofanya kitu ambao hata kulala hakuuondoi.

Kilichoniamsha ni Mzee Bundi. Uwanja wa vibanda ni wa kanisa, na yeye ndiye mzee wa kanisa anayeusimamia. Sheria ya uwanja ni ya zamani kuliko sisi: kibanda ni cha fundi anayefanya kazi. Kikinyamaza hadi mwezi ukapita, kinapewa fundi mwingine aliye kwenye foleni, na foleni ni ndefu. Mimi mwenyewe niliingoja miaka minne, nikipiga bati kando ya barabara chini ya mwavuli, mvua ikinyesha kwenye risasi yangu ya kulehemu. Kabla ya kibanda watu waliniita yule mama wa mabati. Baada ya kibanda waliniita fundi.

"Kawira," Mzee Bundi alisema, kofia mkononi, "kwako sijasikia nyundo tangu Krismasi."

"Nyundo ya kupiga nini, mzee? Stoki ndiyo hii."

"Naona. Lakini kanisa halikujenga stoo. Mwisho wa Februari nitapita na Mukiri, yule wa mageti. Yeye ndiye anafuata kwa laini." Akaona uso wangu akaongeza, "Si mimi, ni sheria."

Niliogopa. Naomba nieleweke: kukosa biashara ya mwaka mmoja kulinikasirisha, lakini kupoteza kile kibanda kulinitia hofu hasa. Mwanamke wa miaka arobaini na saba akirudi chini ya mwavuli, hatoki tena.

Kobia alikuwa na dawa yake. Kuanzia kesho yake, kila saa mbili asubuhi alichukua kipande cha bati kikuukuu akakigonga nusu saa, kwa nguvu, ili sauti ifike kanisani. Akanishauri nifanye hivyo. Nilimwambia mimi sitatwanga maji kwenye kinu mbele ya watu. Nikafunga kibanda nikaenda sokoni, kwa sababu kama ni kukaa, afadhali ukae mahali penye watu wanaouza kitu.

Huko sokoni nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote ile. Badala ya kujiuliza nani anaenda bweni, nilijiuliza nani mwingine ana mali ya kufungia. Nilizunguka nikiangalia bidhaa za watu. Kwenye pembe ya nafaka nilimkuta mama mmoja, kitambaa chekundu kichwani, amezungukwa na magunia ya ndengu, zile choroko za kijani. Alikuwa anauza kwa bei ya kutupa, na bado anaomba watu wachukue.

"Mwendwa wangu, ndengu mnauza hivi halafu Juni tunanunua mara mbili," nilimwambia. "Mbona msiweke?"

"Tuweke wapi?" alisema. "Sisi Ishiara tunavuna Januari na Februari. Ukiweka kwa gunia, Aprili hiyo ni unga. Wadudu. Afadhali niuze bei mbaya kuliko nilishe mdudu."

"Na nikikupa sanduku la bati?"

Alinitazama kuanzia viatu hadi leso. "Leta market day tuone. Uliza Nelius, pale karibu na posho mill. Kila mtu ananijua."

Siku ya soko nilipakia masanduku sita kwenye kenta ya kupeleka vitunguu nikateremka hadi Ishiara. Nilikuwa na raha ya mtu aliyekwisha kushinda. Nilipoyashusha, wanawake walikuja wengi, wakasoma vifuniko, na kicheko chao kilivuka barabara.

"Nelius, ndengu zako zimepata shule gani?"

"Fees nani atalipa?"

Nelius hakucheka. Aliinua sanduku moja, akalifungua, akaligeuza juu chini, akaniambia niingize kichwa ndani nitazame. Jua la Ishiara lilikuwa kali. Nikaona mwanga ukiingia kwenye pembe zote nne, na mstari mwingine mrefu pale bati linapokunjiwa chini.

"Umeona?" alisema. "Hapo mdudu anapita na mkoba wake. Tulifunzwa semina: mdudu anapumua kama wewe. Ukimnyima hewa, anakufa na mayai yake. Hii yako iko na hewa kuliko nyumba yangu."

Miaka ishirini na miwili nimetengeneza masanduku, na sikuwahi kuingiza kichwa changu ndani ya hata moja. Nilikuwa nimejisifu kwa pembe zinazoonekana. Niliona aibu, nikakasirika, na hasira ilipopungua nikagundua kwamba nilichoonyeshwa ni kazi. Sikuwa nimefukuzwa. Nelius alikuwa amenitajia kosa, na kosa la bati mimi nalijua dawa yake.

"Nipe wiki moja," nikasema.

"Mimi nitakupa na gunia," Nelius akajibu. "Lile lililoingia wadudu tayari. Likipona, nitaamini."

Nilirudi Kaaga nikawasha jiko la makaa. Risasi ya kulehemu nilikuwa naitumia kwa ndoo na mabirika tu. Masanduku tulikuwa tunayafunga kwa ribiti, maana sabuni na blanketi hazihitaji zaidi. Sasa nililehemu kila mshono, ndani na nje. Nikajaza maji nikangoja. Yalivuja pembe mbili. Nikarudia. Yalivuja pembe moja. Nikarudia tena, nikiwa na maneno mdomoni ambayo uwanja wa kanisa haukupaswa kuyasikia, na mara ya nne sakafu ikabaki kavu.

Kifuniko ndicho kilinitesa. Bati juu ya bati halizibi hewa hata ukiliombea. Nilikata tyubu ya tairi la lori nikaifanya ukanda, nikaizungusha mdomoni mwa sanduku, nikaweka makomeo manne badala ya moja ili kifuniko kikandamizwe pande zote. Maji tena. Nikaligeuza juu chini, nikalikalia. Halikutoka hata tone. Nilibaki nimelikalia kwa muda, nimejawa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu Oktoba.

"Sasa hilo ni la mtoto gani?" Kobia aliuliza, akipumzika kugonga bati lake bure.

"La mtoto asiyepumua," nilimjibu, akaacha kuniuliza.

Mwanzoni mwa Februari nilikuwa kwa Nelius tena. Kwanza alichukua kiganja cha ndengu na chumvi kidogo, akatia ndani ya chupa kavu akatikisa. Chumvi haikushika kwenye kioo. Maana yake ndengu zimekauka. Tukamimina gunia zima ndani ya sanduku, na wadudu wakiwa wanatembea juu yake bila heshima. Nelius akaweka kisahani juu ya ndengu, akasimamisha kipande cha mshumaa, akakiwasha. Moto ungekula hewa iliyobaki halafu ungezimika wenyewe. Tulifunga kifuniko, tukakaza makomeo manne, na nikachukua rangi nikaandika tarehe. Tulikubaliana: wiki tatu, na lifunguliwe sokoni mbele ya watu wote. Hilo la watu wote lilikuwa wazo langu. Wakati mwingine natamani mdomo wangu ungekuwa na komeo.

Wiki hizo tatu sikuwa na amani. Hesabu ya siku ilikuwa rahisi: sanduku lingefunguliwa siku ya soko, na keshokutwa yake ndiyo mwisho wa Februari. Nililehemu masanduku mengine manne, nikaogopa kuendelea, maana kama la kwanza lingeshindwa ningekuwa nimepoteza risasi pia. Mukiri wa mageti alipita mara moja, akapima upana wa kibanda changu kwa macho. Hakusema kitu kibaya. Alisalimia vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi.

Siku ikafika. Nelius na mumewe walileta sanduku sokoni kwa mkokoteni, wakaliweka juu ya turubai. Waliokuja kuangalia ni wengi kuliko nilivyotaka. Mama mmoja mnene, mwenye duka la nafaka, alijipa kazi ya uhakimu. Akavuta stuli akaketi mbele kabisa.

Nilifungua makomeo. La nne lilikataa, ukanda wa tyubu ulikuwa umeng'ang'ana, nikavuta hadi jasho likanitoka. Kifuniko kikaachia kwa sauti ya kunyonya. Mshumaa ulikuwa umezimika ukiwa bado mrefu. Juu ya ndengu wadudu walikuwa wamelala wengi, weusi, miguu juu. Nelius alizamisha mkono hadi kiwiko, akatoa ndengu za chini akazimimina kwenye ungo. Zilikuwa za kijani, nzima. Zilizotobolewa ni zilezile za zamani, na vumbi jipya la unga halikuwepo.

"Hao wamelala tu," yule mama mnene alisema. "Ni baridi ya bati. Wapatie jua utaona."

Akawachukua kama ishirini, akawatandaza kwenye kiganja chake, akanyoosha mkono juani. Soko zima likangoja kiganja cha mtu mmoja. Nilisimama pale nikiwatazama wale wadudu kuliko nilivyowahi kumtazama mtoto wangu akiwa na homa. Upepo ulipita, mmoja akabiringika, na moyo wangu ukabiringika naye. Mama mnene akamsogeza kwa ukucha. Akamsogeza tena. Zilipita dakika kumi, labda ishirini, kisha akakung'uta mkono wake kwenye gauni.

"Wamekufa," alisema. "Lakini hiki ni kitoto. Mimi nina magunia thelathini. Nitakaa nikifungua visanduku vya shule mpaka lini? Nitengenezee la kuingia magunia matatu, liwe na mlango chini wa kutolea."

"Na mimi matatu," mwingine akasema.

"Mimi la magunia mawili, lakini usiniandikie Form One. Mtoto wangu alishamaliza."

Niliandika majina kwenye mkono kwa sababu sikuwa nimebeba karatasi. Majina kumi na tisa, hadi kwenye kiwiko. Nelius alishika mkono wangu asome, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Umeona, mwalimu?" alisema. "Wamefaulu."

Nilirudi Kaaga nikiwa na shida mpya, na hii niliipenda. Bati jipya nisingeweza kulinunua kwa wakati. Bati nililokuwa nalo lilikuwa limesimama hadi kwenye paa, limekunjwa, limepakwa rangi, limepigwa chapa. Kupata pipa moja la magunia matatu ningelazimika kufumua masanduku matano. Kesho yake asubuhi nilichukua la kwanza, zuri kabisa, pembe zake zimekaa sawa, nikaliweka juu ya magoti. Sitadanganya, machozi yalinilenga. Miezi mitatu ya kazi yangu ilikuwa ndani ya rundo lile. Kisha nikakumbuka kwamba masanduku hayohayo ndiyo yaliyokaa yakinitazama nikikaribia kunyang'anywa kibanda. Nikashika makasi. Ribiti ya kwanza ndiyo iliniuma. Kufikia ya kumi nilikuwa napiga mluzi.

Mzee Bundi alikuja siku ya mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, kofia mkononi, Mukiri nyuma yake akiwa na tepu ya kupimia. Walisimama mlangoni, na hawakuweza kuingia. Sakafu yote ilikuwa mabati yaliyofumuliwa, jiko la makaa linawaka, na katikati nilikuwa mimi, nimekumbatia pipa lenye urefu wa kifua changu, mkono mmoja umeshika mshono, wa pili umeshika chuma cha kulehemu, na mkono wa tatu sikuwa nao.

"Kawira," Mzee Bundi alianza, "tulikuja kwa ile habari..."

"Karibu, mzee. Sitasimama, utanisamehe. Nikiachia hapa, hili linafunguka." Nikamtazama Mukiri. "Wewe. Si unajua kulehemu?"

"Najua," alisema.

"Weka hiyo tepu chini ushike hapa. Hapana, juu kidogo. Mzee, nisogezee ile tyubu."

Mzee Bundi alitazama tyubu, akatazama kofia yake. Akaiweka kofia juu ya rundo la masanduku, akanisogezea tyubu. Mukiri alishika mshono vizuri, mkono wake hautetemeki, ni lazima niseme ukweli. Tulilehemu pipa lile, tukalijaza maji, likavuja, tukarudia. Pipa la pili halikuvuja kabisa. Saa kumi na moja jioni, Mzee Bundi alikuwa ameshaondoka zamani bila kutaja sheria, na Mukiri alikuwa ananawa masizi kwenye ndoo yangu.

"Kesho unakuja saa ngapi?" nilimuuliza.

Aliangalia kibanda, akaangalia yale masanduku ambayo hayajafumuliwa bado.

"Saa moja," alisema, na saa moja kasorobo nikamkuta mlangoni.